Mlango Uelekee Barabarani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Msemaji ni mtumishi wa Serikali aliyesoma hapa kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.)



Nilipopata barua ya mwaliko niliisoma mara mbili, maana mara ya mwisho kuitwa mbele ya mkutano katika ukumbi huu ilikuwa mwaka 1996, na sikuitwa kutoa hotuba. Wale tuliolala pamoja bweni la pili wanaikumbuka sababu, na naomba waendelee kuitunza siri hiyo angalau mpaka wanafunzi hawa watakapomaliza mitihani yao.

Nimeombwa niseme juu ya vijana na teknolojia ya kompyuta, kwa kuwa chama chetu kimekwisha azimia kuigeuza karakana ya zamani ya useremala kuwa kituo cha kompyuta. Mimi si fundi wa mitambo. Ni mtumishi wa Serikali katika kazi za maendeleo ya jamii, na kazi yangu ni watu. Kwa hiyo sitazungumza juu ya nyaya. Nitazungumza juu ya mlango.

Jana jioni Ndugu Katibu alinionyesha ramani ya kituo hicho. Ni ramani nzuri, na walioichora wanastahili shukrani zetu. Lakini mlango wake umewekwa upande wa uwanja wa gwaride, na upande wa barabara iendayo sokoni umewekwa ukuta mtupu wenye madirisha mawili ya nondo. Maana yake ni kwamba kituo kitakuwa cha wanafunzi wa shule hii peke yao, na kijana wa kijijini atakitazama kupitia nondo. Nimekuja kukuombeni jambo moja tu: mlango huo uhamishwe, uelekee barabarani. Naomba mzisikilize sababu zangu kabla ya kuninyima.

Kompyuta ya ubaoni

Sisi wa miaka ile tulijifunza kompyuta kwa chaki. Mwalimu wetu wa Fizikia alichora ubaoni sanduku lenye kioo, akachora na kibao cha herufi, akaandika majina ya sehemu zake kwa mishale, nasi tukanakili madaftarini. Tulizijua sehemu za kompyuta kama tulivyozijua sehemu za panzi katika Biolojia. Tofauti ni kwamba panzi tulipata kumshika. Mashine ya kuandikia ilikuwa moja tu hapa shuleni, taipu iliyokaa ofisini kwa Mkuu wa Shule imefunikwa kitambaa, na mwenye ruhusa ya kukifunua kitambaa hicho alikuwa karani peke yake.

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2000 niliingia na hofu ileile ya kitambaa. Niliwaona wenzangu waliosoma mijini wameketi mbele ya mashine wakibonyeza kama wapigao kinanda. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya namngoja mtu. Mwaka mzima wa kwanza niliandika kazi zangu kwa mkono, kisha nikazipeleka kwa mpiga chapa wa kando ya barabara aliyenitoza kwa ukurasa, na fedha hiyo ilitoka katika chakula changu. Nilikuwa mwanachuo, lakini mbele ya kioo kile nilikuwa sijui kusoma wala kuandika.

Aliyenitoa katika ujinga huo hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa Manzese, mdogo wangu kwa miaka mitatu, aliyeishia darasa la saba kwa kuwa hakuchaguliwa kwenda sekondari. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuwahesabia wateja saa zao katika duka moja la intaneti. Usiku, wateja wakipungua, aliniketisha akaniambia, "Kaka, bonyeza tu. Haiumi." Kwa jioni tatu alinifundisha kufungua, kuandika, kuhifadhi na kutuma barua. Nikamwuliza yeye alifundishwa na nani. Akasema hakuna aliyemfundisha. Mwenye duka alimwachia ufunguo tu.

Naomba mlikumbuke neno hilo, ufunguo, maana nitalirudia.

Chumbani na chini ya mwembe

Taifa letu lina historia katika jambo hili, na wazee waliomo humu wanaifahamu kuliko mimi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikuwa mashine ya kuweka mezani. Ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na waliouelewa walikuwa watu wachache, wengi wao wageni. Kazi ya hesabu za Serikali ilipohamishiwa katika mitambo ya namna hiyo mambo yalikwenda mrama, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata.

Wako vijana wanaowacheka wazee kwa uamuzi ule. Mimi siwacheki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini tuulizane kosa lilikuwa wapi. Mashine ilikuwa ndani ya chumba, na nchi nzima ilikuwa nje. Ilipokwenda kombo, hawakuwapo wananchi wa kutosha wenye kuijua, kuihoji na kuitengeneza.

Sasa tazameni jambo la pili. Mwaka mmoja tu kabla ya marufuku hiyo, yaani mwaka 1973, taifa hilihili liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Hapo nayo ilikuwapo mashine, na mashine hiyo ilikuwa redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, madarasani, barazani na chini ya miembe, wakasikiliza vipindi juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufunzwa kabla redio haijafunguliwa. Kipindi kikiisha, hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu walijadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka vichaka karibu na nyumba.

Nchi ni ileile na miaka ni ileile. Mashine moja iliwekwa chumbani, ikatushinda. Nyingine iliwekwa katikati ya watu, pamoja na kitabu na mtu wa kuongoza, na vyoo vikachimbwa. Mimi katika utumishi wangu sijapata funzo kubwa kuliko hilo. Mashine haina mikono. Ikikosa watu ni samani.

Watoto waliopenya

Pengine atatokea mtu aseme kwamba redio si kompyuta. Basi twende mbali kidogo, mpaka mji wa Boston nchini Marekani, kwa kuwa huko ndiko kilikoanzishwa kituo cha vijana na kompyuta ambacho nchi nyingi zimekiiga.

Desemba 1989, wakati wa likizo ya shule, jumba la makumbusho ya kompyuta la mji huo liliandaa mafunzo ya siku chache. Watoto waliunda vyombo kwa vipande vya Lego, kisha wakaviendesha kwa kompyuta. Likaja kundi la watoto waliokuwa wakisema Kiingereza kilichochanganyika na Kihispania. Wakarudi siku ya pili, na ya tatu. Juma lililofuata wakarudi tena, lakini mafunzo yalikuwa yamekwisha na hapakuwa na lolote kwa ajili yao. Baada ya muda wafanyakazi wa jumba wakatahadharishwa wawe macho, maana wako watoto wanaopenya ndani bila ruhusa. Kumbe ni walewale.

Ndugu zangu, sisi tungefanya nini? Nadhani tungeongeza mlinzi. Lakini Natalie Rusk wa jumba hilo, na Mitchel Resnick wa chuo cha MIT, waliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Mtoto apenyaye ili ajifunze si mhalifu. Ni mwanafunzi aliyekosa mlango. Mwaka 1993, wao na wenzao wakafungua kituo kilichoitwa Computer Clubhouse, kwa ajili ya vijana wa miaka 10 hadi 18 kutoka familia zisizo na uwezo, bila malipo, baada ya saa za shule.

Namna kituo hicho kinavyofanya kazi inafaa kuangaliwa. Hakuna mtihani. Kijana huja na jambo analolipenda yeye, muziki au picha au mchezo au mashine ya kujitembeza, na kompyuta inakuwa chombo cha kulitengenezea jambo hilo. Wako watu wazima wa kujitolea, na hawasimami ubaoni wala hawazunguki kama askari; wanaketi na vijana, nao wanatengeneza vyao. Na katikati ya chumba imewekwa meza kubwa ya kijani isiyo na kompyuta hata moja. Hapo watu hukaa, huchora, huonyeshana kazi na huzungumza. Mimi niliposoma habari ya meza hiyo nilicheka peke yangu, nikasema, hawa nao wamegundua baraza.

Kituo hicho kimoja kimezaa vingine zaidi ya 100 katika nchi mbalimbali. Tena kutokana na uzoefu wa vituo hivyo, mwaka 2007 ilitolewa programu iitwayo Scratch, ambayo kwayo mtoto hujifunza kuiamuru kompyuta kwa kupanga vipande vya maagizo kama anayepanga matofali. Ni ya bure, inaweza kutumika pasipo intaneti, na imo pia kwa Kiswahili. Nayasema haya ili asitokee mtu kutuambia kwamba programu za kuanzia ni ghali.

Sasa naomba wanafunzi wa zamani tukumbuke kitu. Je, lile tundu la ua nyuma ya jiko bado lipo? Naona Ndugu Mkuu wa Shule anatikisa kichwa. Basi sisi tulilitumia kupenya kutoka, kufuata mihogo ya akina mama wa kijijini. Leo mtoto wa mama yule anataka kupenya kuingia. Sisi tulipokamatwa tulipewa adhabu ya kufyeka. Yeye tutampa nini?

Kufuli langu

Ndugu Mwenyekiti, mtu akija kushauri wenzake hapana budi aseme na makosa yake. Langu ni hili.

Mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Kata moja huko ilipata msaada wa kompyuta 20 kwa ajili ya kituo cha jamii, nami nikakabidhiwa kukisimamia. Nilifurahi sana, na kwa furaha hiyo nikaketi nikaandika kanuni. Zilikuwa 14, zikabandikwa mlangoni. Asiingie mtu bila barua ya mtendaji wa kata. Asiingie mtu bila viatu. Asiguse mtu mashine bila kuamriwa. Kituo kitafunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 9 alasiri, yaani saa zilezile ambazo kijana yuko shambani, au sokoni, au shuleni. Mashine nilizishonea vifuniko vya kitambaa. Mnaona? Nilikuwa nimeirithi taipu ya Mkuu wa Shule.

Juma la kwanza walikuja vijana wapatao 40. Mwezi wa tatu walibaki 6. Katika taarifa yangu kwenda ngazi ya juu niliandika kwamba vijana wa kata ile hawana mwamko. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, na taarifa ikapokelewa vizuri.

Alikuwako binti mmoja aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne na kufaulu. Alitaka kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na maombi yalikuwa ya kutumwa kwa mtandao. Mama yake aliuza maandazi. Nauli ya kwenda mjini kwenye duka la intaneti haikuwapo. Akatembea kutoka kijijini kwao hadi kituoni, mwendo wa saa mbili na zaidi, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Akakuta kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi mfukoni, nami nilikuwa mjini katika semina. Mada ya semina ile ilikuwa matumizi ya kompyuta kwa maendeleo ya wananchi.

Nilikuja kuonana naye baada ya majuma mawili. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuja, shikamoo, nikakuta pamefungwa." Hata katika kunieleza nilivyomkosesha alikumbuka kuniamkia. Nilimwambia aombe tena mwaka utakaofuata. Mwaka uliofuata alikuwa ameolewa na kuhama, na hakuomba tena.

Nimefanya kazi Serikalini zaidi ya miaka 20. Nimepata barua mbili za pongezi, na siwezi kuwatajieni zilisema nini. Lakini maneno yale manne ya yule binti nayakumbuka yote.

Kituo kilipofunguliwa

Baada ya hapo niliing'oa ile karatasi ya kanuni. Tuliita mkutano wa vijana, wakachagua kamati ya watu watano, wasichana wawili wakiwamo, na ufunguo tukawapa wao. Saa zikabadilishwa: saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku, na Jumamosi kutwa. Barua ya mtendaji ikafutwa.

Sitakudanganyeni kwamba mambo yalinyooka. Mwezi wa kwanza vilipotea vipanya viwili. Kimoja kamati ilikifuata ikakirudisha, cha pili hakikuonekana mpaka leo. Mashine moja iliungua. Kuna vijana walioanza kucheza kamari ya mpira, na wengine kutazama mambo yasiyofaa. Mara tatu umeme wa LUKU ulikwisha tukakaa gizani. Wakubwa wangu waliniuliza kama sasa nimeridhika.

Lakini kamati ile ilikuwa na akili kuliko kanuni zangu 14. Walizigeuza meza, vioo vyote vikatazama katikati ya chumba, na mtu hafanyi ovyo mbele ya macho ya wenzake. Wakaweka zamu. Wakapiga chapa barua za watu na kutoa nakala kwa bei ndogo, ikapatikana fedha ya umeme. Wakamwendea mama mmoja muuguzi mstaafu, wakamwomba awe anaketi nao jioni. Mama yule alikuja na uzi wake akafuma vitambaa. Kompyuta alikuwa haijui hata kidogo, lakini watoto aliwajua, na wazazi walipomwona pale wakawaruhusu mabinti zao kuja.

Matunda yake hayakuwa makubwa ya kutangazwa redioni. Kijana mmoja aliyeiharibu ile mashine iliyoungua alijilazimisha kuelewa kilichoiunguza, na sasa ni fundi wa simu sokoni. Wengine walijaza maombi ya vyuo, yao na ya wadogo zao. Siku moja vijana wawili wakapiga chapa hesabu ya mapato na matumizi ya kijiji chao, herufi kubwa zinazosomeka, wakaibandika ubaoni penye mkutano kama sheria inavyotaka. Mkutano uliofuata wananchi waliuliza maswali mpaka jua likazama. Mwenyekiti wa kijiji alinijia kesho yake akaniomba niwatulize vijana wangu. Nikamwambia vijana si wangu, na ufunguo sinao.

Mapendekezo yangu

Nayasema sasa kwa kifupi ninayoyapendekeza.

Kwanza, mlango. Uelekee barabarani, na wanafunzi wa shule nao waupite huohuo. Najua hofu iliyopo. Wengine wanasema vijana wa mtaani wataiba. Huenda kitu kitaibwa. Hata sisi humu bwenini tuliibiana sabuni na hapakuwa na mtu wa mtaani. Wengine wanasema fedha ni yetu na shule ni yetu. Ni kweli, lakini mawe ya msingi wa madarasa haya yalibebwa na wanakijiji kwa nguvu zao, na uwanja tunaoegesha magari yetu leo ulikuwa mashamba yao. Aliyechimba kisima hanyimwi maji.

Pili, saa. Asubuhi kituo kiwe cha masomo ya shule, kwa utaratibu wa walimu. Kuanzia alasiri, na siku za mapumziko, kiwe cha vijana wote. Mitihani haitadhurika kwa hilo.

Tatu, fedha. Nimeona katika makisio kwamba karibu fedha yote ni ya kununua mashine. Naomba tuigawe mafungu matatu: fungu la mashine, fungu la umeme na matengenezo, na fungu la posho ya mlezi wa kituo. Heri mashine 8 zinazofanya kazi na mtu wa kukaa nazo, kuliko mashine 25 zilizofunikwa vitambaa. Tangu waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya nchi yetu haitegemei tena setilaiti kama zamani. Kikwazo kilichobaki mahali pengi ni bei na mlango, na mlango uko mikononi mwetu.

Nne, mabinti. Shule yetu ni ya wavulana, na kwa mazoea tutajenga kituo cha wavulana bila kukusudia. Nashauri kamati iwe nusu kwa nusu, apatikane mama wa kukaa pale, na kituo kifungwe mapema kiasi cha binti kufika kwao salama.

Tano, usalama. Vijana wafundishwe tangu siku ya kwanza kutunza siri za simu zao, kuwatambua matapeli, na kujua kwamba tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kinachoandikwa kwa mzaha kinaweza kusomwa mahakamani.

Kwenu ninyi wanafunzi wa sasa nina neno moja. Wengi wenu mmezikuta simu nyumbani, na mnaweza kudhani kwamba hotuba hii ni ya wazee. Lakini kutazama si kutengeneza. Siku hizi ipo mitambo ya akili unde inayoweza kukuandikia insha kabla hujameza mate. Iulizeni, ibisheni, itumieni; lakini msikubali ifikiri badala yenu, maana aliyebebwa mgongoni hawezi kumwelekeza mwingine njia. Na jioni mkienda katika kituo hicho mtamkuta kijana ambaye hakuchaguliwa kuja shule hii. Msimtazame kwa dharau. Mkalishe karibu, umfundishe unalojua, ukubali akufundishe anachojua. Mimi nilifundishwa na kijana wa namna hiyo, na ndiyo sababu nimeweza kuandika hotuba hii mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba kuhamisha mlango kutaongeza gharama, kwa sababu ukuta wa upande wa barabara utabomolewa na linta kuwekwa upya. Nimemwuliza fundi leo asubuhi. Gharama hiyo nitaibeba mimi, na fedha nimekwisha mkabidhi Ndugu Mweka Hazina, risiti ninayo. Kwa hiyo suala la fedha lisiwazuie. Kilichobaki ni kuamua tu, na uamuzi ni wenu.

Mkikubali, naomba jambo moja la mwisho. Siku ya kufungua kituo msinipe mimi mkasi wa kukata utepe. Waiteni wale akina mama wa mihogo, wawepo, na mmoja wa watoto wao apewe ufunguo.